Maji ya Vyombo

Mvua ya mwisho ilinyesha Jumanne,
ya kulowesha vumbi tu, ikaondoka bila kuaga.
Jumatano Isevya nzima ilianika magodoro.
Mimi nikachukua jembe la mpini mfupi,
lile lililolika hadi likafanana na mwiko,
nikaingia nyuma ya nyumba.

Mabua kwanza. Unayakata chini kabisa,
unayaegemeza ukutani, yawangoje mbuzi wa Sizya.
Maharage yaling'oka yenyewe, mizizi imechoka.
Ganda moja la kunde lilinipasukia usoni
kama mtoto aliyeshindwa kutunza siri.
Nikapiga magoti, nikaokota punje zote
isipokuwa tatu.
Tatu ni za njiwa. Mama alisema hivyo,
ni za njiwa,
tangu macho yake yalipoanza kufifia.

Mahindi ya mbegu hayakai guniani.
Nimechagua kumi na moja, yenye mistari iliyonyooka,
nimeyafunga kwa maganda yake juu ya mafiga,
moshi uyapake masizi, fukusi wapoteze hamu.
Kila usiku Mihambo akiingia jikoni
anayagonga kwa kichwa,
anayaambia, "Samahani, wakubwa."

Viazi tumevimenya siku mbili.
Michembe imetandazwa juu ya bati, myeupe,
na Kalunde amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa
akilinda kunguru kwa fimbo na hesabu za shule:
saba mara sita, saba mara saba.
Akikosea, kunguru hushuka.

Sasa marando.

Hayo hayaanikwi, hayafungwi, hayatiwi majivu.
Marando yanataka kuishi tu.
Kuanzia sasa hadi Novemba hakuna tone litakaloanguka Tabora,
na bomba letu hutoa maji siku linapojisikia.
Kwa hiyo nimeyapanda nyuma ya bafu,
na kila jioni treni ya Mwanza ikipiga honi
nabeba beseni la maji ya vyombo,
hatua ishirini na mbili,
makombo ya ugali yakielea juu,
kuku nyuma yangu kama wafiwa.

Novemba iliyopita Nyamizi alikuja na kikapu.
"Mama Kalunde, nikatie marando kidogo."
Nikasema yameisha.
Yalikuwa nyuma yangu, kijani, mengi,
yamepita hata chini ya ukingo wa kanga yangu.
Aliyaona. Nilimwona akiyaona.
Akasema, "Haya,"
akarudi kwake na kikapu chake,
na masika yote matuta yake yalibaki na majani ya porini
ambayo nilikuwa nayatazama nikipiga mswaki.

Juzi, nikipanda, nikashika shina moja jekundu,
lenye manyoya laini kama sikio la ndama.
Mkono ukakumbuka kabla yangu.
Mwaka nilioolewa, sijui hata kuwasha kuni mbichi,
mwanamke alitoka Sikonge kwa baiskeli
na gunia lililolowa kwenye karia.
Akalifungua mlangoni kwangu, akasema,
"Nyumba isiyo na marando ni ya kupanga."
Alikuwa yeye.
Miaka tisa nimekuwa nikimnyima vyake.

Sikwenda kuomba radhi.
Kwetu mtu hapeleki maneno mahali palipoombwa mbegu.
Nikalima tuta la pili, upande wa uzio wake,
palipo na udongo mgumu wa kichuguu.
Hatua thelathini na tano kutoka jikoni.
Mihambo akauliza, la nani hilo?
Nikamwambia, eneo lipo.

Tatizo ni maji.
Sisi ni watatu, sahani ni tatu, sufuria mbili,
na beseni moja halitoshi matuta mawili.
Upepo wa kipupwe umeanza, jani linajikunja mapema.

Jana jioni Kalunde alinikuta uani
nikisugua sufuria.
"Mama, si hiyo umeshaiosha?"

Nikamwambia ashike fimbo, kunguru wameshuka.